Kufungua blogu ya bure ukiwa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufungua blogu hata mara moja. Ana simu ya mguso, ana laini yenye bando, na kuna jambo analolijua vizuri: dagaa, mawese, ushonaji, hesabu za kidato cha pili, historia ya Ujiji. Kompyuta si lazima. Kama una haraka, soma kwanza swali la akaunti ya Google, kwa sababu makosa ya hapo ndiyo magumu kurekebisha.

Ni bure kweli, au kuna mtego?

Ni bure. Hutozwi kufungua, kuandika wala kuweka picha. Unacholipa ni bando na muda wako. Gharama nyingine iko kwenye anwani, kwa kuwa inabeba jina la mwenye jukwaa: jinalako.blogspot.com ukitumia Blogger, au jinalako.wordpress.com ukitumia WordPress.com. Kwa WordPress.com, mpango wa bure huja na matangazo yao kwenye kurasa zako, na pesa ya matangazo hayo haikufikii.

Ukiona unaombwa namba ya kadi ya benki, ujue umebonyeza mpango wa kulipia. Rudi nyuma, utafute wa bure. Mara nyingi umeandikwa kwa herufi ndogo pembeni au chini kabisa. Jihadhari pia na makala za zamani zinazokushauri uchukue anwani ya bure inayoishia na .tk. Kampuni iliyokuwa ikizigawa ilisimamisha usajili mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikatangaza kuachana na biashara hiyo.

Blogger au WordPress?

Kwa anayeanza na simu peke yake, Blogger. Ni mali ya Google tangu 2003, unaingia kwa akaunti ileile ya Gmail, na vitu vya kuchezea ni vichache, kwa hiyo huwezi kupotea sana. WordPress.com ina mwonekano mzuri zaidi na programu nzuri ya simu, lakini nafasi ya bure ya kuhifadhi picha ni ndogo na kila kona kuna kitufe cha kukushawishi ulipie.

Wengi huchanganya WordPress.com na programu ya WordPress yenyewe, inayopatikana WordPress.org. Ile programu ni ya bure, ila inahitaji seva ya kukodi (kompyuta ya kuiweka blogu mtandaoni) na anwani ya kununua. Mtu akikuambia "WordPress ni bure" huku anakudai pesa ya mwaka, huenda hakudanganyi; anazungumzia hiyo ya pili.

Majibu yanayofuata yanahusu Blogger, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Akaunti ya Google ya simu yangu alinifungulia fundi. Naweza kuitumia?

Usiitumie kabla hujaifanya iwe yako. Blogu nyingi za bure hazifi kwa kukosa wasomaji. Zinakufa siku mwenyewe anaposhindwa kuingia.

Mambo huenda hivi. Umenunua simu pale Mwanga, muuzaji anataka Play Store ifanye kazi upesi, anatunga jina la barua pepe, anatunga nywila, anaweka namba yake ya simu au haweki yoyote. Simu inawaka, unaondoka. Kila kitu kinakwenda sawa mpaka simu iibiwe, iingie maji ziwani au irudishwe ilivyotoka kiwandani. Hapo Google inadai nywila ambayo hujawahi kuijua, na ujumbe wa kuithibitisha unakwenda kwa fundi aliyehamia Kasulu.

Njia safi ni kufungua akaunti mpya mwenyewe. Kama unataka kubaki na ya zamani, ingia kwenye mipangilio ya simu, gusa Google, kisha usimamizi wa akaunti, kisha sehemu ya usalama. Badilisha nywila. Weka namba yako ya simu na barua pepe nyingine ya kuokolea akaunti, ya mtu unayemwamini ikibidi. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uondoe usivyovitambua.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani Google idai msimbo juu ya nywila, halafu pakua misimbo ya akiba. Utapewa 10, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kuipiga picha kwa simu ileile hakusaidii. Simu ikipotea, nayo imekwenda.

Laini nayo iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA na kwa alama zako za vidole, si kwa jina la shemeji. Ikipotea, utaweza kuirudisha mwenyewe dukani. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea misimbo yako. Mwisho, ingia kwenye akaunti mara kwa mara, kwa sababu Google inaweza kuifuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kuguswa.

Hatua zenyewe za kufungua ni zipi?

Fungua kivinjari, andika blogger.com, ingia kwa akaunti yako. Ukurasa wa kwanza unauliza jina la blogu. Hili ni la kuonekana juu ya ukurasa na unaweza kulibadilisha wakati wowote. Wa pili unauliza anwani. Hapa tulia: herufi, tarakimu na kistari tu ndivyo vinavyokubaliwa, bila nafasi, na kama imeshachukuliwa utaambiwa papo hapo. Wa tatu unauliza jina litakalotokea kama mwandishi. Basi, blogu ipo.

Kabla ya kuandika chochote, nenda kwenye mipangilio na urekebishe saa. Blogu mpya huja na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 10 au 11 kulingana na majira yao. Usipobadilisha kuwa GMT+3, chapisho la Jumanne asubuhi litaonyesha Jumatatu, na msomaji atadhani unaandika mambo ya jana. Ukikosa Dar es Salaam kwenye orodha, chagua Nairobi. Saa ni moja.

Palepale kwenye mipangilio, hakikisha swichi ya kuonekana kwenye injini za utafutaji imewashwa, washa maelezo ya utafutaji, na uandike sentensi moja inayosema blogu inahusu nini. Kisha chagua mandhari. Chukua nyepesi yenye maandishi meusi kwenye rangi nyeupe, uachane nayo. Watu humaliza wiki wakibadilisha rangi huku hakuna chapisho hata moja.

Kazi moja ngumu kwenye simu ni kupanga visanduku vya pembeni kwenye sehemu ya mpangilio, maana vinataka kuburutwa. Washa hali ya kompyuta kwenye kivinjari na ulaze simu, au subiri siku ukipata kompyuta.

Nichague jina gani?

Mtajie mtu kwa simu, bila kumtamkia herufi moja moja. Akiandika vibaya, jina hilo ni baya. Kistari katikati, tarakimu badala ya neno na herufi zilizorudiwa ndivyo vinavyopotosha. Jina lenye mahali na kitu, kama la mawese ya Kigoma, linaeleweka kuliko jina la utani. Usiweke mwaka.

Anwani unaweza kuibadilisha baadaye, lakini linki zote ulizokwisha kuzituma zitakufa, kwa kuwa ya zamani haimpeleki mtu kwenye mpya.

Niandike nini? Kila kitu kimeshaandikwa.

Kwa Kiingereza, labda. Kwa Kiswahili, na kuhusu Kigoma, tafuta uone: utakuta kurasa chache, nyingi zikirudia sentensi zilezile kuhusu Livingstone.

Anza na maswali ambayo watu wanakuuliza kila siku na ambayo unajibu bila kufikiri. Chukua muuzaji wa dagaa wa Kibirizi. Mteja wa Dodoma anauliza kwa nini bei imepanda ghafla wiki hii. Jibu analo kila mvuvi: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwakusanyi tena, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Hilo tayari ni chapisho. Swali la pili, kwa nini hawa wana mchanga na wale hawana: walioanikwa chini ufukweni huokota mchanga, walioanikwa juu ya chanja hewa hupita chini yao, hukauka haraka na husafishika kirahisi. Chapisho la pili hilo, na linafaa kupewa picha mbili. La tatu, namna ya kuwahifadhi wasivunde masika. La nne, wanavyopikwa na mawese.

Machapisho manne ya namna hiyo yana thamani kuliko arobaini ya "mambo kumi ya kukusaidia maishani". Aliyeko Tabora afanye vivyo hivyo kwa asali. Kwa mfano, watu wengi wanaamini kijiti cha kiberiti kikiwaka baada ya kuchovywa basi asali ni safi. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Kinachopimwa kwa kifaa ni maji yaliyomo, ambayo kwa viwango vya kimataifa hayatakiwi kuzidi asilimia 20. Ukilieleza hilo vizuri, wauzaji wenyewe watakusambazia.

Weka tarehe kwenye kila kinachobadilika. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Chapisho linalosema tu "ziwa limefungwa" linamdanganya anayelisoma mwaka mwingine.

Chapisho liwe na urefu gani?

Mpaka swali lijibiwe. Kwa kawaida maneno 500 hadi 900 yanatosha. Aya fupi, kwa sababu aya ya mistari sita kwenye kompyuta inakuwa ukuta kwenye simu.

Nikibandika maandishi kutoka Word au WhatsApp yanavurugika. Kwa nini?

Kwa sababu yanakuja na mavazi yake: ukubwa wa herufi, rangi, nafasi. Matokeo ni aya moja kubwa, nyingine ndogo, ya tatu ya kijivu. Kutoka WhatsApp huja na nyota kila mahali palipokuwa na wino mzito. Kwenye kompyuta bandika kwa Ctrl+Shift+V. Kwenye simu, shikilia kidole na uchague kubandika kama maandishi matupu. Kama umeshaharibu, chagua maandishi yote na ubonyeze kitufe cha kuondoa umbizo, chenye herufi T iliyokatwa mstari.

Umeme na mtandao vikikatika katikati ya kuandika?

Blogger hujihifadhia rasimu yenyewe, lakini kama mtandao upo tu. Andika kwanza kwenye programu ya madokezo ya simu, ambayo haihitaji bando, kisha ubandike ukiwa na mtandao mzuri.

Kuna kosa moja la kuchunga kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Anwani ya chapisho hutokana na kichwa chake, na ukishachapisha inaganda. Ukichapisha bila kichwa, itakuwa blog-post.html milele, hata ukiandika kichwa kizuri baadaye. Ukikosea kichwa, kosa hubaki kwenye linki. Dawa ni kulirudisha chapisho liwe rasimu, kurekebisha anwani kwenye kisanduku cha kiungo cha kudumu, kisha kulichapisha upya, na hiyo ifanyike kabla hujamtumia mtu.

Picha za simu ni nzito. Nifanyeje?

Picha ya simu ya kawaida ina MB 3 hadi 5. Chapisho lenye picha tano za MB 4 limekula MB 20 za bando lako kuzipandisha tu, na kwa mtandao wa jioni inaweza kugoma njiani. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1200 hivi. Kila moja itashuka mpaka KB 150 au 200, na zote tano hazitafika MB 1.

Njia ya mkato ni kujitumia picha WhatsApp kwa ubora wa kawaida, kisha kuihifadhi na kuitumia hiyo. Ina faida ya pili: WhatsApp huondoa taarifa za mahali picha ilipopigwa. Simu nyingi huandika namba za GPS za mahali ulipo ndani ya picha, na picha uliyopiga sebuleni inaweza kumwonyesha mtu nyumba yako ilipo.

Nahitaji leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania)?

Inategemea unaandika nini. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu ya kawaida awe na leseni, na ada ya mwaka ilikuwa shilingi milioni moja. Blogu nyingi zilifungwa wakati huo. Kanuni ziliandikwa upya 2020, na marekebisho ya 2022 yakaielekeza leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Mapishi ya mgebuka (samaki wa ziwani kwetu), masomo ya hesabu, ushauri wa kufuga nyuki na historia ya reli haviko kwenye kundi hilo. Ukitaka kuripoti ajali, mikutano ya siasa au vikao vya halmashauri, wasiliana na TCRA kwanza, uulize wao wenyewe ada na masharti ya wakati huo. Usimlipe mtu wa kati.

Bila kujali leseni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu kila anayeandika, hasa kuhusu taarifa za uongo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni sababu nyingine ya kutoanika namba za simu za watu, au majina ya wagonjwa na wanafunzi, bila ridhaa yao. Maoni ya wasomaji yaweke yasubiri kibali chako kabla ya kuonekana; iko kwenye mipangilio, sehemu ya maoni.

Naruhusiwa kunakili kutoka mahali pengine?

Kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, au kwamba meli ya Liemba iliundwa Ujerumani 1913 ikaletwa Kigoma kwa vipande, si mali ya mtu. Aya nne za mwandishi aliyelisimulia tukio hilo ni zake. Soma, funga ukurasa, andika kwa maneno yako. Picha za Google pia zina wenyewe, piga zako.

Nimeandika, mbona sionekani Google?

Blogu mpya huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Tafuta kwa kuandika site: ikifuatiwa na anwani yako bila nafasi. Kama kurasa zako zinatokea, Google imekuona, tatizo ni ushindani au kichwa cha habari. Kama hakuna kitu, ingia Google Search Console, zana ya Google inayoonyesha blogu yako inavyotokea kwenye utafutaji, kwa akaunti ileile, ongeza anwani yako (blogu ya Blogger hujithibitisha yenyewe), nenda sehemu ya ramani za tovuti na uandike sitemap.xml.

Kichwa cha chapisho kiwe na maneno ambayo mtu angeyaandika akitafuta. "Hazina ya ziwa letu" hakuna anayeitafuta. "Jinsi ya kupika mgebuka mkavu" yupo.

Linki yangu WhatsApp inatokea bila picha, au na ile ya zamani.

WhatsApp huchukua kichwa na picha ya chapisho, kisha huvikumbuka kwa muda. Weka picha kabla ya kusambaza mara ya kwanza. Ukishachelewa, ongeza ?v=2 mwishoni mwa linki; WhatsApp itaiona kama mpya. Na ukinakili linki kutoka kwenye simu, angalia mwisho wake: Blogger huongeza ?m=1, alama ya mwonekano wa simu. Ifute, uitume bila hiyo.

Nitalipwa lini?

Matangazo ya AdSense, huduma ya Google inayokulipa kwa matangazo, yanawezekana kwenye Blogger, si kwenye mpango wa bure wa WordPress.com. Uwe na miaka 18. Kabla ya kuomba, angalia kama lugha unayoandikia imo kwenye orodha yao. Malipo hutoka ukifikisha dola 100. Ukifikisha dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye PIN ya kuthibitisha anwani, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo husimamishwa. Kwa Kigoma hapa ndipo wengi hukwama: barua inahitaji S.L.P. inayofunguliwa kweli. Kama huna yako, omba ruhusa ya kutumia ya shule, kanisa, msikiti au ofisi, uandike jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, na umjulishe anayechukua barua. Usibonyeze matangazo yako mwenyewe wala kuwatuma ndugu, akaunti hufungwa.

Kusema kweli, kwa blogu ndogo dola 100 ziko mbali. Mteja wa Dar aliyekuja kwa kutafuta "mawese ya Kigoma", akakupigia na kuagiza madumu mawili, analeta pesa mapema zaidi. Tengeneza ukurasa mmoja wenye bidhaa, vipimo, namna unavyosafirisha na namba ya biashara.

Natumia kompyuta ya intaneti kafe. Kuna hatari?

Ipo. Fungua dirisha la faragha, ukatae kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Ukisahau, nenda kwenye simu, orodha ya vifaa, uitoe kompyuta hiyo.

Nitunzeje nakala, na nikitaka kuifuta blogu?

Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuhifadhi maudhui. Inakupa nakala ya machapisho na maoni yote. Usiitegemee kwa picha; za asili zitunze kwenye kadi ya kumbukumbu. Fanya hivyo kila mwezi.

Ukiifuta, una siku 90 za kuirudisha. Zikipita, machapisho yamepotea. Kama unataka tu kupumzika, acha kuifuta: ifanye ya faragha ili uione peke yako, na ukirudi uifungue tena.